Nimemtoa Haji

Jumatano, baada ya Isha

Rahma hana kosa. Najiambia hivyo tangu alasiri.

Macho yangu hayastahamili tena kompyuta, na programu yetu ya bure, ile inayowaambia kina mama wa mwani bahari itakupwa saa ngapi, inataka mtu wa kuitazama kila siku. Rahma wa Pemba amekubali kuipokea. Leo tumekabidhiana kwa simu. Nilipokwisha kumpa nywila zote akasema, "Dada Zuwena, kuna akaunti ya Haji. Ina mamlaka yote na haitumiki. Kwa usalama, bora uifunge kabla hujatoka."

Hakujua kuwa Haji, niliyeianza naye kazi hii, tumeshamzika kwao Makunduchi. Jina lake nililiacha pale makusudi, juu ya langu, kama... sijui kama nini.

Nikalifuta, kisha nikajitoa na mimi.

Sikukumbuka kwamba anayetolewa hupelekewa ujumbe. Magharibi akanipigia mjane wake, Bi Mwajuma, aliyetoka eda majuzi. Simu ya marehemu bado anaichaji.

"Zuwena, simu ya Haji imeingia ujumbe. Wanasema katolewa. Kakosa nini?"

Nikamwambia hakukosa kitu, ni mimi niliyemtoa.

Akasema, "Basi si umrudishe."

Nikafungua kompyuta huku yeye akinisubiri kwenye simu. Mahali pa kurejesha jina hapakuwepo. Mimi pia sasa ni mtu wa nje.