Jani la Sale Nililotupa Motoni

Shirimatunda, Moshi

Mama Evelyn,

Huku napumua, mgongo tu ndio unanisumbua. Tajiri wetu ana ua la majani yenye mishipa myeupe, limetoka ng'ambo, mjini kote halipatikani. Halitaki jua kali wala maji mengi, na jani moja huchukua miezi kufunguka. Nimelilea kama mtoto. Juzi tukakuta chipukizi lake limekatwa kwa kisu na kuchukuliwa, na macho yote yakaja kwangu, mtu wa kuja.

Jana Sirili, kibarua mwenzangu wa Mwika, akanipa jani la sale, ule mmea wanaoupanda mipakani huku, lililofungwa fundo, akaenda zake. Nikajua ni uchawi, nikalitupa motoni. Dominika mpishi akashika kichwa.

"Wewe Mnyiramba! Hapa mtu akikuletea sale anakuomba msamaha!"

Msamaha wa nini, kama si yeye aliyekata? Nikamfuata. Akanicheka.

"Sale gani, mzee? Iko wapi?"

Dominika ni shemeji yake. Leo naye anasema hakuona kitu.

Kesho tajiri anaamua nani aondoke. Ukiniona mlangoni kabla ya mvua, usiniulize nimeiba nini.

Mumeo,
Nikodemo