Fundo Ambalo Mwalimu Aliniambia Nisimfungulie

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, mji wa Uvira. Jumatano tarehe 17 Mei 2023, saa tatu asubuhi.
Jina: Mwamvua Sadiki. Umri: miaka sitini na moja. Kazi: muuza vikwembe (vitenge) sokoni. Makazi: mtaa wa Mulongwe. Mjane, Mwislamu.
Shauri: Mwalimu Gracien anadaiwa kula pesa ya matibabu ya mama mkwe wake. Mlalamikaji ni Lionel, shemeji yake.
Shahidi ameomba maneno yake yaandikwe kama anavyoyasema.

Mimi ndiye mwenye parseli, kiwanja chenye nyumba anamopanga Mwalimu Gracien na mke wake Blandine. Mwalimu anafundisha darasa la sita, na mshahara wa walimu munaujua, shefu, unakuja siku unayotaka wenyewe. Lionel ni kaka yake Blandine, anaendesha moto, pikipiki ya teksi, anapeleka abiria Kavimvira na kurudi. Namheshimu. Alisema hapa jana kwamba alisikia maneno mlangoni kwangu. Aliyasikia kweli, sikuja kuyakana. Nimekuja kusema yaliyofuata, maana yeye hakungoja kuyasikia.

Mwalimu anacheza karata kwenye telefone. Mchezo unaitwa poka, anacheza na watu wa mbali asiowaona, kwa pesa ya kweli, apate kidogo cha kuongeza kwenye mshahara. Siku ya kwanza nilipomkuta kwenye benchi ya baraza langu nilimuuliza, "Mwalimu, hii si kamari?" Akajibu, "Iko kamari, Mama. Siwezi kukudanganya." Nikamwambia kwangu mimi ni haramu, franga ya mchezo huo isiguse mkono wangu. Haijagusa mpaka leo. Kodi ananilipa kwa pesa ya shule.

Lakini benchi ni yangu na macho ni yangu, nikawa naangalia. Wallahi, sikuwahi kuona mchezaji wa namna ile. Anapewa karata mbili, anatupa. Anapewa tena mbili, anatupa. Nikamuuliza, "Sasa unacheza saa ngapi?" Akacheka sana. "Mama, kutupa ndiyo kucheza kwenyewe." Ndipo akanieleza kazi yake. Ana mtaji wa mchezo, umekaa peke yake, haukutani na mshahara wala na chakula cha nyumba. Ameugawa mafungu ishirini, na hakai mezani na zaidi ya fungu moja. Fungu likiliwa, anafunga telefone anaenda kusahihisha kazi za watoto. Mtaji ukinenepa, Jumamosi anakata kipande anampa Blandine anunue unga na mafuta. Mtaji ukikonda mpaka nusu, anashuka: anahamia meza za wale wa pesa ndogo, anakaa huko mpaka upone.

Neno hilo la kushuka lilinikumbusha ya nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu, Abdoul-Karim, Mungu amrehemu, alikuwa analeta mizigo ya vikwembe kwa boti kutoka Kigoma. Mzigo mmoja ulipozama nilimwambia, "Baba, tuanze tena kwa meza ya sokoni, tuuze kipande kwa kipande." Akasema, "Mimi Abdoul-Karim niuze kwa meza? Watu watasema nini?" Akakopa anunue mzigo mkubwa kuliko ule. Huo nao ukaenda, na yeye akaenda nyuma yake. Sisi watoto wa biashara ya ziwa tunafundishwa kupanda tangu tunatambaa. Kushuka hakuna aliyetuonyesha. Na huyu mwalimu wa mashati mawili alijiwekea kushuka kuwa sheria, tena siku ambayo alikuwa anashinda. Nilimtazama kama mtu anayemwona mgeni.

Sasa habari ya furushi. Jumamosi tarehe 4 Machi familia ya Blandine ilikutana kwangu barazani, walikuwa wamemaliza kuchanga pesa ya mama yao, Mama Célestine. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga tu, na Bukavu wanaweza kumtengeneza. Mama Célestine ameshona nyavu maisha yake yote. Alichukua pesa ile, ikafungwa kwenye nailoni, juu yake kipande cha kikwembe, na juu ya kikwembe akapiga kamba ya wavu na fundo lake mwenyewe, la nyavu. Fundo hilo hata Lionel, mtoto aliyemzaa, hajui kulipiga. Wakampa Mwalimu alitunze, sababu ndiye mtu wa hesabu. Lionel mwenyewe ndiye aliyesema apewe.

Walipoondoka tu, Mwalimu akaniletea. "Mama, weye usiyegusa kamari, nishikie hii. Iko amana." Nikamuuliza kwa nini asikae nayo. Akasema, "Najijua. Iko siku nitakuja hapa nikiwa si mimi. Nitakuwa na maneno mazuri. Nitasema ni ya leo tu, kesho narudisha. Nitapiga magoti. Usinipe. Mkono wa Mama Célestine peke yake, mwingine hapana." Nikamwambia, "Mwalimu, muntu muzima unaongea kama mwenye homa." Akasema, "Kila anayecheza inamfikia, Mama. Sijui tu ni lini." Nikala yamini. Furushi likaingia ndani ya sanduku langu, chini ya vikwembe.

Mwezi wa nne mto Mulongwe ulipotuingilia nyumbani, nilitoka na vitu viwili: mjukuu wangu mgongoni na furushi kifuani. Vikwembe vyangu vyote vililowa tope. Furushi nalo lililowa, nikalianika juani likiwa limefungwa hivyo hivyo. Kamba ikakauka, ikakaza kama mfupa.

Jumatatu hii, tarehe 15, saa saba mchana, Mwalimu alikuja ndani kwangu ametoka shule, chaki bado iko kwenye vidole. Tangu Ijumaa alikuwa anapigwa mchezoni. Anashika wafalme wawili, karata nzuri kabisa, halafu karata ya mwisho inatoka inampa mwenzake ushindi. Mara moja, mara mbili, mara nyingi. Mtaji ulikuwa umefika nusu. Akaniambia, "Mama, nipe ile pesa ya mama mkwe. Iko ya leo tu, kesho asubuhi narudisha." Hayo ndiyo Lionel aliyasikia. Alikuwa amekuja kupanga safari ya mama yao, akasimama nje ya pazia. Nilisikia moto ikiwaka na kuondoka kwa hasira.

Nikasema hapana. Mwalimu akasema, "Nimepiga hesabu, Mama." Nikamwambia hesabu yake niliisikia mwezi wa tatu, ile ndiyo naijua. Basi akapiga magoti. Na suruali ya shule, juu ya sementi. Shefu, huyu nampenda kama mtoto wangu, aliponiona naumwa ndiye aliyenibeba kunipeleka hospitali. Roho iliniuma. Nikamwambia, "Mwalimu wa mwezi wa tatu aliniambia nisimpe Mwalimu wa mwezi wa tano. Nenda kagombane naye."

Akabaki pale chini. Hapo nikaogopa kweli. Sanduku liko nyuma yangu, kufuli yake mtoto anaweza kuivunja, yeye kijana mwenye nguvu na mimi mzee. Alikuwa analitazama. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Aksanti kwa kuninyima, Mama." Akatoka.

Nikamfuata mlangoni nione atafanya nini, nilidhani atavunja telefone. Akakaa kwenye benchi. Akafunga ile meza kubwa. Akafungua meza ya chini kuliko zote, ile wanayocheza kwa pesa isiyonunua hata kifungu cha ndagala, dagaa wa ziwa. Akaanza kutupa karata. Anatupa, anatupa, na machozi hayajakauka usoni. Subhanallah! Watu wenye kusali nimewaona, wenye kufunga nimewaona, lakini mtu aliyejizuia tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya saa moja ya mwezi wa tano, huyo nilikuwa sijamwona. Nilijikuta namlilia Abdoul-Karim. Niseme kweli, nililia kwa sauti.

Saa kumi na moja jioni Lionel alirudi na wajomba wawili. "Tuonyeshe pesa." Nikamwambia amana haionyeshwi mlangoni, amlete Mama Célestine. Akapiga kelele parseli nzima ikasikia, "Kumbe mumeila pamoja!" Jana asubuhi Mwalimu akatiwa kasho, chumba chenu cha mahabusu. Aliwaambia pesa iko kwangu, na nyinyi mukasema mutaniita leo.

Blandine amenililia usiku, ameniambia, "Mama, ungewaonyesha tu, yangeisha." Najua yangeisha. Lakini sijuti, muandike hivyo. Nikimfungulia Lionel kwa sababu amepiga kelele, kesho nitamfungulia Mwalimu kwa sababu amelia. Amana gani hiyo?

Furushi ndilo hili hapa mapajani. Sitaliweka mezani kwako, shefu, unisamehe. Mama Célestine anatakiwa asafiri Jumatatu. Mumtume mtu amlete. Haoni, lakini apapase fundo. Akisema limeguswa, Mwalimu mumtoe, munitie mimi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Mengine sina.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa herufi za Kiarabu)

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Mama Célestine ameletwa ofisini saa nne na nusu kwa moto ya mlalamikaji. Shahidi alimwekea furushi mikononi. Alipapasa fundo kwa muda mrefu, kisha akasema: "Hili ni langu. Limelowa na kukauka. Halijafunguliwa." Ofisi ilimpa kisu. Amekataa, amesema kamba itakatwa Bukavu.

Mlalamikaji Lionel ameomba malalamiko yake yafutwe. Amefutiwa. Amebaki nje karibu na moto yake, hakutaka kuingia tena.

Mwalimu Gracien ametolewa kasho saa tano, amerudishiwa telefone. Alipoona furushi aliweka mikono yake nyuma. Mama Célestine amelirudisha kwa shahidi mpaka Jumatatu, kwa ridhaa ya wote.

Kabla ya kuondoka, shahidi ameomba niongeze haya: kwamba kabla ya Jumatatu hiyo, hata Mwalimu Gracien akija kwake na karatasi ya ofisi hii yenye mhuri, hatapewa.

Mwalimu Gracien ameomba aweke sahihi yake chini ya sentensi hiyo. Nimemruhusu. Ameweka.