Chupa Kumi na Mbili za Mama

Kitangari, Newala
Jumatano, 16 Julai

Mdogo wangu Mahmudu, Baba Ashraf,

Marahaba, maana najua ukiiona hati yangu utaniamkia kabla hujasoma. Kifua kimepoa? Huku ukungu hautoki hadi saa tatu asubuhi. Ashraf na mdogo wake hawajambo. Mama leo amekunywa uji vikombe viwili, akalalamika hauna chumvi, basi ujue nguvu zinarudi.

Simu nimeiacha makusudi. Sababu utaiona mbele. Barua atakufikishia kesho Mujibu wa gari la salfa.

Unajua sikurithi kitu. Mikorosho themanini na sita imetokana na vitumbua, na mashine ya kuipulizia salfa, dawa ya unga, niliinunua bila mume wala mkopo. Mtu wa namna hiyo akiona chake kinaguswa, lazima aulize.

Kuni siku hizi ziko mbali, kwa hiyo maji ya kisima chetu cha mvua hatuyachemshi. Tunafuata alivyotufundisha Dorika, muuguzi wa zahanati: unajaza chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, unazilaza juu ya bati, jua linazipiga saa sita nzima, vijidudu vinakufa. Wingu likitanda, siku mbili. Zangu na Mama ni kumi na mbili, ingawa mimi ni mtu wa chai tu, kwenye bati la nyumba kubwa. Za mkeo Maryam ni nane, juu ya jiko lake. Miaka miwili hakuna aliyeugua tumbo.

Tarehe 24 Juni Mama akaharisha. Asubuhi ileile nilikuwa nimemkuta Maryam amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kitambaa mkononi, anazigeuza chupa zangu moja moja. Nikajiuliza, zake nane hazimtoshi? Nikamkataza asiziguse tena, na kila kifuniko nikakifunga uzi mwekundu. Jirani yetu Pili akanicheka, eti maji ya Mwanakombo yana ulinzi kuliko ghala la korosho. Nikamjibu kwamba ghala la korosho huibiwa na wenye funguo.

Baada ya hapo Mama aliugua mara nne ndani ya siku kumi na saba. Uzi haukukatika hata mmoja. Mwingine angesema basi, hakuna aliyefungua. Mimi nikasema huyu anajua kufunga upya. Nikatazama upande wake: watoto wawili, hakuna aliyeharisha hata mara moja. Kisima kimoja, jua moja, ua mmoja. Hesabu ikaniletea mtu mmoja. Ndipo tarehe 11 nikakupigia, nikakwambia mkeo anambadilishia Mama maji, anamnywesha mabichi. Ukasema Jumamosi hii mnakuja na Mjomba Haji kumrudisha kwao Nanganga.

Nikataka ushahidi wa kumwekea Mjomba mezani. Jumapili nikamwita Dorika na vichupa vyake vya kupimia. Maji yakiwa na uchafu wa choo hugeuka meusi. Kimoja akajaza maji ya chupa yangu, uzi nikiukata mbele yake, kingine ya Maryam. Jana akavirudisha. Changu cheusi kama masizi. Cha Maryam hakikubadilika. Nikamwambia umeona! Yeye akapanda juu ya kinu. Alinyoosha mkono batini, akapitisha kidole kwenye chupa, kikatoka njano.

Salfa, Mahmudu. Salfa yangu mwenyewe. Napuliza alfajiri, umande ukiwa umelala, ili unga ushike majani. Na mikorosho mitano imeliinamia bati lile. Chupa nazo zina umande. Dorika akasema mionzi ya jua inayoua vijidudu hatuioni kwa macho, wataalamu wanaiita urujuanimno, na vumbi lile linaizuia. Maji yalikuwa yanapata vuguvugu tu. Jiko la Maryam haliko karibu na mkorosho. Ile mara ya kwanza, anasema, tumbo la mzee lina sababu nyingi. Hizi nne nimezileta mimi, kwa kumkataza aliyekuwa anafuta.

Ungeweza kuniambia dada, hukujua. Laiti! Kuna neno sikukupa kwenye simu. Siku ile ya kinu Maryam aliniambia kwamba wifi, unga wa mikorosho yako unalala kwenye chupa, ndiyo maana nazifuta. Nilimsikia vizuri. Lakini wiki hiyo alikuwa ameniomba nimpulizie mikorosho yake mitatu nikamkatalia, nikaona ananisuta kwa mashine yangu. Nilipokuhesabia makosa yake, neno hilo niliruka kwa makusudi, kwa sababu lilikuwa linaniharibia hesabu.

Nilimchafua kwenye simu uliyoifungulia sauti, Mjomba akisikiliza. Basi na hii isomwe kwa sauti mbele ya Mjomba, lisirukwe neno. Jumamosi njooni, ila wa kukalishwa kitako ni mimi.

Jana jioni nilimfuata jikoni kwake nikamwambia yote. Akaniuliza kama Mama amekula, kisha akaendelea kukunja nguo. Nyuzi nimezikata, chupa nimezifuta kwa mkono wangu, na Mama kwa sasa anakunywa ya kuchemsha. Lakini begi la mkeo liko mlangoni, limefungwa. Ukiweza kutangulia Ijumaa, usingoje Jumamosi.

Mama anakuombea dua, na Mjomba mpe shikamoo yangu.

Dada yako,
Mwanakombo