Chui ya Kavumu na Miguu Yangu

Siku ya ine, usiku

...na miguu ingali inauma kwa mbio, mimi muwindaji mukubwa wa Kadutu!

Juzi nilijivuna mbele ya vijana wote kwamba nitaua ile chui inayokula mbuzi za koko, mama ya mama, kule Kavumu. Tonton, mujomba wangu, muwindaji wa kweli, akakubali kunipeleka, lakini akaonya: «Dume tu. Mama mwenye batoto hatumugusi. Askari wamemaliza zingine kwa bunduki. Hizi zikiisha, nguruwe za pori zitakula mihogo yote.»

Leo asubuhi akaniacha kwenye mawe na mukuki, akazunguka upande mwingine. Kitu kikakohoa mu majani. Sikungoja kuangalia. Nilitupa mukuki, nikakimbia mpaka jikoni kwa koko.

Tonton akanikuta chini ya meza. «Muwindaji, chui iko wapi?»

«Niliiacha, tonton. Iko na batoto. Sheria ni sheria.»

Uongo mutupu! Akaenda kutazama mwenyewe. Nikangojea kofi.

Akarudi na mukuki wangu, akasema polepole: «Ni kweli. Batoto wawili. Ungemupiga, chui ingeisha mu pori hii. Umekuwa mwanaume.»

«Na mbuzi zangu?» koko akauliza.

«Zitalala ndani ya nyumba, maman, mpaka batoto wakomae.»

Koko alinung'unika, lakini akanipa paja la kuku. Nilikula lote, bila haya.

Kesho vijana wataniuliza macho ya chui yanafanana na nini. Nitawaelezea vizuri sana. Kweli ni kwamba sikuona hata mukia. Yeye ndiye aliona mugongo wangu.