Kaka na Bia ya Mtama

Shoga, acha unachofanya usome hii. Kaka leo kajiaibisha, tena mbele ya mama mkwe wake!

Si unajua daktari alimkataza ngano na shayiri? Basi wifi kamtafutia bia zisizo na gluteni: ya mchele, ya mahindi na ya mtama. Kazimimina jikoni, kamletea glasi tu, chupa kaziacha huko, ili aonje bila kujua ipi ni ipi.

Ya kwanza kakunja uso. "Haya ni maji ya kusuuzia sufuria." Ya pili, "Hii afadhali, ila imepooza."

Ya tatu kapiga funda, kafumba macho. Kapiga la pili. Mara huyo, karuka! "Utamu huu ni wa shayiri! Mke wangu, unataka kuniua?"

Shoga, kaka kakimbilia sinki la kunawia mikono kutema! Mtu mzima na ndevu zake kashika tumbo, "Linakata! Linakata jamani!" Mama mkwe anatafuta funguo za gari.

Wifi katoka jikoni na chupa ya ile bia ya tatu, kamsogezea hadi puani. MTAMA. Ile ile aliyoibeza wiki nzima eti ni chakula cha kuku!

Mkono ukabanduka tumboni polepole.

Mama mkwe kamuuliza, "Baba, tumbo vipi?"

Unajua kajibu nini? Bila haya! "Limetulia, mama. Ila hiyo iliyobaki kwenye glasi msiimwage."