Masazo ya Mama

Jumatatu, 8 Julai 1946
Nimefua winda za mtoto, nimepika uji wa mzazi, nimepanda ngazi mara tisa. Zainabu, mke wa kaka Salim, ana siku kumi na nane tangu ajifungue. Haruhusiwi kushuka. Mama anakohoa tangu Ijumaa. Anasema ni vumbi. Vumbi gani, na nyumba nafagia mimi?

Jumatano, 10 Julai
Mama ana homa. Mwalimu wa msikitini kamletea kombe: aya alizoandika kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya waridi, akayatia kwenye bakuli. Mama kanywa bakulini, kakohoa humo humo, kabakisha. Nikataka kumwaga.
"Usimwage, mwanangu, yana baraka hayo. Mpelekee mzazi."
Nikapeleka. Zainabu akanywa. Mtoto nikamlowesha midomo kwa kidole. Nilijiona nimetenda jema.

Ijumaa, 12 Julai
Salim anakohoa. Mimi pia, kifua chaniuma. Wageni waliokuja kumjulia Mama hali wamejaa ukumbini, kila mmoja na dawa yake. Laiti mmoja angeosha vikombe.

Jumamosi, 13 Julai
Mtoto hanyonyi. Akivuta pumzi mbavu zinabonyea. Daktari kaja asubuhi, kauliza mengi. Aliposikia habari ya bakuli akavua miwani. Kakataza anayekohoa asiingie kwa mzazi. Yaani sote, isipokuwa Zainabu.
Zainabu hakujua kuwa yale yalikuwa masazo. Nimemwambia, nikiwa ngazini. Na kwamba nilimwona Mama akikohoa bakulini.
"Basi kaa huko huko, wifi."
Akafunga mlango. Ana haki.

Jumapili, 14 Julai
Naweka chakula mlangoni, nabisha, nashuka. Sisikii mtoto akilia. Naogopa. Namkasirikia Mama, kisha namkanda mgongo. Aliyebeba bakuli ni mimi.

Jumanne, 16 Julai
Bado simsikii mtoto. Sahani imerudi haikuguswa.

Alhamisi, 25 Julai
Homa ya mtoto imetoka tangu Jumatatu. Ananyonya. Kikohozi changu kimekwisha, siku ya tano leo. Asubuhi Zainabu kafungua mlango, macho mekundu, kaniita nipande. Kaniwekea mtoto mapajani.
"Nishikie, wifi, nilale."
Akalala pale pale, kinywa wazi. Nimegeuza uso pembeni nisimpumulie mtoto. Mkono ukafa ganzi. Sikuusogeza hadi adhuhuri.