Fundo la Shali ya Mama

Knjaževac, tarehe 2 Aprili

Kwako kaka yangu Budimir,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na wifi yangu Ankica na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Toronto, na mgongo wako umetulia. Hapa theluji imekwisha, mplamu wa nyuma ya nyumba umechanua, na paka amezaa tena bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi mzima kiasi. Habari za mama nitakupa, ila nivumilie nianze na bega langu, maana mambo yote yalianzia hapo.

Kwenye simu nilikuwa nakwambia linanisumbua kidogo. Nilikuficha. Lilianza mwaka juzi, Septemba, tulipokuwa tunachoma pilipili za kusaga ajvar, ile rojo yetu ya akiba ya baridi. Niliinua mkono wa kulia kuchukua sufuria rafuni, maumivu yakanipiga hadi nikakaa chini. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa siwezi kulalia upande ule, wala kufunga sidiria, wala kuchana nywele. Na unajua mkono ule ndio uliokuwa unamtoa mama kitandani, unamweka kitini, unampeleka chooni. Nilimwapia siku tuliyomzika baba kwamba hatakwenda kwenye nyumba ya wazee, nawe ulikuwepo.

Mama alijua ugonjwa kabla sijamaliza kusimulia. Alisema ni upepo wa kupenya, ule unaoingia dirishani na kutokea mlangoni, na kwamba niliutafuta mwenyewe kwa kutoka bafuni nywele zikiwa mbichi. Akanipaka mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na rakija, ile pombe kali ya matunda, akaweka jani la kabichi, akaubana mkono wangu kifuani kwa shali yake ya sufu na kupiga fundo mgongoni. Akaniambia nisiuchezeshe, usije ukakasirika zaidi.

Novemba nikaenda kwa daktari, binti mdogo anaitwa Tijana. Alinieleza vizuri, nami nikaelewa, usije ukadhani sikuelewa. Alisema ile ngozi inayozunguka kiungo cha bega imevimba, baadaye itakakamaa na kunywea, na mkono utaganda. Kwanza unauma, kisha unagoma, kisha unalegea wenyewe polepole, na safari yote huchukua mwaka, miwili, hata mitatu. Sisi wenye kisukari hutushika zaidi na hukawia zaidi. Alitaka kunichoma sindano ya kupunguza maumivu huku tukiiangalia sukari, nikamwambia nitafikiria. Akanifundisha mazoezi: kuinama na kuuacha mkono uning'inie, kuuzungusha taratibu, kutembeza vidole ukutani kama buibui hadi vinapogoma. Na akasema, tena mara mbili, nisiufunge.

Nilipomweleza mama, alicheka. "Katoto kale hata mume hakajapata, kanajua nini habari za upepo? Mbuzi akivunjika mguu unamfunga, au unampeleka kucheza ngoma? Hebu geuka huku nikufunge."

Nikageuka. Kila asubuhi nikageuka, mwaka mzima. Mazoezi niliyafanya kwa kuiba siku mbili tatu kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, pale baba alipokuwa akitupima urefu kwa penseli. Vidole viliishia kwenye alama yako ya miaka mitano. Nikaacha. Mama nikawa namnyanyua kwa mkono wa kushoto na kiuno.

Sasa nikwambie. Tarehe kumi na tisa Desemba iliyopita, siku ya Nikola, mtakatifu wa ukoo wetu, mama alitaka kuoga kabla ya kuwasha mshumaa. Alinifunga kwanza, kama kawaida, kisha nikamwingiza bafuni. Aliteleza. Nilimdaka kwa kushoto akanichomoka. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya shali, kwa fundo alilolipiga mwenyewe dakika kumi kabla. Nyonga ilivunjika. Mshumaa haukuwashwa safari hii.

Tangu Januari yuko kwenye nyumba ya wazee. Karatasi nilitia sahihi mimi. Kila ulipopiga simu nikasema amelala, alikuwa kule, amelazwa dirishani kwenye upepo anaouogopa. Hatatembea tena. Nisingekuandikia hata leo, ila umesema umekata tiketi ya Pasaka ili umshtukize, nami siwezi kukuacha ubishe hodi kwenye kitanda kitupu.

Utaniuliza kwa nini niliacha anifunge, ilhali nilijua. Kaka, tangu niachike na Vukašin hakuna mtu aliyewahi kunigusa. Na mama hakuwa na kazi nyingine iliyobaki duniani. Alikuwa akilalamika usiku kucha, lakini asubuhi, akilipiga lile fundo, mikono yake ilikuwa haitetemeki. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma na mimi, nikaupoteza mkono uliokuwa ukimbeba.

Jumapili niliyokwenda alinipapasa mgongoni akitafuta fundo. Hakulikuta. Akauliza nani amenifungua, akasema nitapigwa na upepo, kisha akageukia ukuta.

Bega limeanza kulegea. Tijana anasema ndivyo lilivyo, wakati wake umefika. Jana nimechana nywele kwa mkono wa kulia, na kwenye mwimo wa mlango vidole vimefika alama yako ya miaka kumi na minne. Sasa ningeweza kumdaka.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Ukija, usilete zawadi kubwa, kule wana kabati moja kwa watu wawili. Shali nimeifua, iko kwenye droo ya juu. Umpelekee wewe, mimi nimeshindwa.

Dada yako,
Slavojka